Mkono wa Shangazi

Kati ya mwaka 2009 na 2012 kazi yangu ilikuwa kukata vichekesho vya televisheni. Chumba chenyewe kilikuwa Sinza, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari, na pazia lilifungwa mchana kutwa ili mwanga usipige kioo. Sijawahi kuigiza. Nilikuwa mhariri wa picha: mikanda ikitoka lokesheni inakuja kwangu, na kile nilichokiacha ndicho watu walichokiona majumbani mwao Jumapili usiku. Nilichokitupa hakuna aliyejua kama kiliwahi kuwepo. Uzito wa jambo hilo nilichelewa sana kuuona, na aliyenionesha ni mama mmoja aliyekuwa akiigiza shangazi kwenye igizo letu. Mtaani walimwita Shangazi, kazini tukamwita Shangazi, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Kwetu vichekesho vilianzia masikioni. Baba alikuwa na redio iliyovalishwa kitambaa cha kufumwa kama mgeni wa heshima, na jioni za Pwagu na Pwaguzi, Redio Tanzania Dar es Salaam, nyumba nzima ilikuwa ikiwacheka watu ambao hatujawahi kuona sura zao. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Sisi wa Bara tuliisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo mimi nilipotaka kumwona mchekeshaji kwa macho ilinibidi nivuke mpaka. Likizo ya Desemba nilikuwa napelekwa kwa mama mdogo, Kisauni, Mombasa, na huko ndiko nilikokutana na Vitimbi na Vioja Mahakamani, vichekesho vya KBC, televisheni ya taifa ya Kenya.

Baba mdogo alikuwa mtu wa bandarini, mchovu jioni zote, haongei sana. Lakini Vitimbi ikianza anasogeza kiti. Mzee Ojwang akishafanya kosa lake na kuanza kujitetea kwa mke wake, sisi watoto macho yote kwake, maana yeye ndiye aliyekuwa akiongea. Baba mdogo anatupiga mabega: "Mwangalieni mama! Mwangalieni mama!" Mama ni Mama Kayai, Mary Khavere, amesimama tu pale anasikiliza. Sisi tulikuwa hatuoni kitu. Tulicheka kwa sababu baba mdogo anacheka.

Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, nikajua kwamba Benson Wanjau aliyekuwa Mzee Ojwang alikuwa Mkikuyu, na kile Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo alikuwa amekivaa kama nguo. Watu walimwamini. Hiyo peke yake ni kazi ya maisha. Lakini kuaminika kwake kulikuwa na mtu wa pili. Ojwang alikuwa mume kwa sababu kulikuwa na mke pale anayemtazama kama mume, aliyechoshwa naye na bado yupo. Haya sikuyajua nikiwa Kisauni. Nilikuja kuyajua baada ya kuharibu kazi ya mtu.

Nilipoingia kwenye uhariri, Dar ilikuwa imejaa vikundi. ITV walikuwa na Mizengwe, akina Mkwere, Maringo Saba na Safina. Ze Comedy walikuwa wametikisa nchi wakiwa EATV kabla ya kuhamia TBC. Joti wao akivaa uhusika wa mtoto au wa bibi kizee, kesho yake wanafunzi shule nzima wanaongea kama yeye. Kila mtaa ukapata kikundi chake, na chetu kilikuwa kimoja katika hivyo: watu tisa, nyumba ya kuazima Mabibo, kamera moja ya mikanda midogo, na mtu mmoja mwenye fedha ambaye tulimwita mwenye mali. Jumatatu na Jumanne wanarekodi. Jumatano mikanda inafika kwangu. Mkanda wa saa nzima ulikuwa unachukua saa nzima kuingia kwenye kompyuta, hakuna njia ya mkato, kwa hiyo nilikuwa natazama kila kitu kikiingia, mpaka makosa, mpaka jogoo wa jirani. Ijumaa asubuhi kopi ya dakika 24 iwe kituoni.

Nilijifundisha mwenyewe kuhariri na nilikuwa na imani moja: kichekesho kiko mdomoni. Anayeongea ndiye wa kuonekana. Akimaliza, ruka kwa anayejibu. Palipokuwa na kimya nilikata, kimya nilikiona kama tundu kwenye paa. Na pale nilipohisi kichekesho kinalegea nilibandika sauti, ile ya spring inayoruka, au kengele, au filimbi. Igizo likawa linakimbia. Mwenye mali alifurahi, alisema lina kasi.

Shangazi alikuwa ametoka kwenye majukwaa ya miaka ya 1990, zama za vikundi vya Muungano na TOT, onesho moja la usiku lina ngoma, taarabu, sarakasi na kichekesho humo humo. Kule hakuna mhariri. Mchekeshaji yuko na watu mia kadhaa mbele yake, wengine wamekunywa, na asipojua lini anyamaze hawatamsikia kabisa. Alikuwa amepita miaka hamsini, mwembamba, khanga zimetulia mwilini, na hakuwa akipewa mistari mingi. Kwenye skripti mara nyingi ilikuwa imeandikwa tu: "Shangazi yupo."

Sini ninayotaka kuisimulia ni ya ungo. Kijana wa igizo, mkwe wa nyumba, amepewa fedha za mbuzi wa hitima akazila. Anarudi na uongo mrefu: mbuzi alinunuliwa, mbuzi akapandishwa daladala, kondakta akagoma, mbuzi akashushwa Ubungo, mbuzi akapotelea kwenye foleni ya magari. Shangazi amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Mistari yake kwenye sini nzima ni mmoja, mwishoni: "Haya mwanangu, pole."

Nilimwacha kijana aongee. Alikuwa na kipaji, anajua kuupandisha uongo ngazi kwa ngazi. Nikaweka picha yake ya karibu kwa kama dakika mbili nzima, nikabandika sauti ya mbuzi mara tatu, nikamwonesha Shangazi anaposema pole, basi.

Kikundi kilikuwa na desturi nzuri sana, na natamani wanaotengeneza vichekesho leo wangekuwa nayo. Kiongozi wetu, mzee aliyekuwa akiigiza baba wa nyumba, alikuwa akichukua kopi Alhamisi mchana na kuipeleka kwenye kibanda umiza kimoja Manzese, kabla ya filamu za jioni. Watu wanaingia bure. Yeye anakaa mbele kabisa pembeni ya televisheni, ameipa mgongo, anawatazama watazamaji. Siku hiyo nilikwenda naye.

Sini ya ungo ikapita. Watoto wawili walicheka kwenye sauti ya mbuzi ya kwanza. Ya pili akacheka mmoja. Ya tatu kimya. Mtu wa mlangoni akaanza kumuuliza mwenzake habari za Simba.

Tulirudi Sinza kwa miguu sehemu ya njia. Mzee hakunigombeza. Alipofika alikaa kwenye kiti changu, akasema, "Nirudishie mkanda wenyewe, kabla hujaukata. Halafu zima sauti."

Tukatazama bila sauti. Mdomo wa kijana unacheza, mikono inapaa. Pembeni chini kuna ungo na mkono. Mkono wa Shangazi unapembua mchele kwa mwendo mmoja, vidole vinasukuma, vinarudi, vinasukuma. Kisha, kijana anapofika pale mbuzi alipopandishwa daladala, ule mkono unasimama. Kichwa hakijainuka. Vidole viwili vinaingia kwenye mchele, vinatoka na jiwe dogo. Analiinua usawa wa macho. Analigeuza. Analitazama kama mtu anayeamua jambo. Halafu analiweka kando ya ungo, taratibu, na mkono unaendelea kuchambua. Sura yake haijasema chochote.

Nilicheka peke yangu gizani, sauti imezimwa. Mzee akasema, "Ndiyo hiyo. Wewe umeitupa."

Jiwe lile halikuwa kwenye skripti. Niliuliza baadaye. Hakuna aliyemwambia alitoe, na wala hakupanga. Mchele wenyewe ulikuwa wa dukani na mawe yake.

Usiku ule nilihariri upya mpaka alfajiri. Niliondoa mbuzi wote watatu. Nikamwacha kijana aanze, kisha nikahamia kwenye ungo huku sauti yake ikiendelea juu ya picha ya mkono. Mkono unasimama: hapo nikajizuia kukata. Kwenye mfumo wetu sekunde moja ina fremu 25, na mimi nilikuwa nimezoea kukata mtu akishafunga mdomo tu, fremu tatu, nne. Safari hii niliacha jiwe liinuliwe, ligeuzwe, liwekwe, zaidi ya sekunde nne mkono tu na mchele. Mikono yangu mwenyewe ilikuwa inataka kubonyeza. Ijumaa asubuhi, kabla ya kupeleka kituoni, mzee alimwomba mwenye banda atuonjeshe mara moja tena. Walikuwemo watu kama kumi na wawili, wauza mahindi na vijana wa bodaboda. Mkono uliposimama, mama mmoja akasema kwa sauti, "Ameshajua huyo!" Jiwe lilipoinuka, banda likaanguka. Na walicheka mpaka hadithi ya kijana kushuka na mbuzi Ubungo haikusikika, nikajifunza jambo jingine papo hapo, kwamba kicheko kina urefu wake na anayehariri lazima akiachie nafasi, la sivyo sentensi inayofuata inazama.

Baada ya hapo nilirudi kutazama kila kitu upya kwa jicho la baba mdogo. Nikamtazama King Majuto, Amri Athuman, mtu wetu wa Tanga. Nilikuwa nimemcheka tangu utotoni nikidhani nacheka maneno yake. Kumbe mimi namcheka zaidi pale anapoambiwa jambo na hajajibu bado, lile tumbuo la macho, mdomo unaoanza kufunguka na kughairi. Nikatafuta Vioja Mahakamani, nikaona kwamba mshtakiwa kizimbani anachekesha kwa sababu kuna hakimu ambaye hacheki. Mwondoe hakimu yule aliyekaza uso, abaki mshtakiwa na maneno yake, kitakachobaki ni mtu anayepiga kelele chumbani.

Sauti za spring na filimbi niliacha kabisa. Nilizichukia. Nilizisikia kama mtu anayekutekenya kwenye mbavu kabla hujamaliza kusikiliza. Najua vituo vingi vilizipenda na wapo wanaozipenda mpaka leo. Mimi naona ni kumdharau mchekeshaji na mtazamaji kwa pamoja.

Sasa sehemu inayoniuma.

Mwenye mali alikuwa akilipa kwa kutazama kopi ya mwisho. Anayeonekana sana analipwa vizuri, asiyeonekana anapewa posho ya chakula na nauli. Hakukuwa na karatasi yoyote, fedha zinatoka mfukoni Jumamosi na kila mtu anapokea chake amesimama. Mimi sikuhudhuria Jumamosi hizo, fedha yangu ilikuja kwa njia nyingine, kwa hiyo sikujua. Wiki chache baada ya sini ya ungo, Shangazi alipanda ngazi mpaka chumbani kwangu. Nikamwamkia, "Shikamoo Shangazi." "Marahaba mwanangu." Akakaa kwenye ndoo ya maji iliyofunikwa, maana kiti kilikuwa kimoja. Akauliza, "Hebu nitazamie. Kwenye kipindi cha mwezi uliopita, ile ya harusi, mimi nimo kwa muda gani?"

Nikapiga hesabu mbele yake. Dakika moja na sekunde kumi na mbili, kati ya dakika 24. Nilijua mkandani alikuwepo karibu sini zote, siku mbili kutwa, alfajiri mpaka taa zinazimwa. Ilikuwa mimi. Kila kipindi kwa mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimemtoa kidogo kidogo, na kila nilipomtoa Jumamosi yake ilipungua. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Aliitikia tu, "Haya." Alinyoosha khanga yake magotini, akakaa kidogo, akasema kwamba amekuja kwa sababu ya ile ya mchele, jirani zake wote waliizungumzia, akataka kujua kama siku nyingine huwa hafanyi vizuri.

Alidhani anafanya vibaya. Mtu wa majukwaa, miaka ishirini, alikuwa anarudi nyumbani kila wiki akidhani mwili wake umeanza kumsahau.

Niliandika karatasi. Niliorodhesha kila msanii, muda aliofanya kazi mkandani na muda aliobaki kwenye kopi, nikampelekea mwenye mali, nikamweleza kwamba ya pili ni maamuzi yangu na wala si kazi yao. Alisoma, akacheka, akasema mimi ni mhariri, nihariri. Alimwongezea Shangazi kidogo. Wengine hakuwagusa. Mwaka 2012 Shangazi alipoomba makubaliano ya maandishi aliambiwa atafikiriwa, na wiki mbili baadaye mama mwingine alifika lokesheni, akapewa khanga, akapewa jina lile lile, akaketi kwenye mkeka ule ule. Mama wa watu hakuwa na kosa, alikuja kutafuta riziki. Lakini nilipoanza kumhariri sikupata mkono. Nikamaliza vipindi vilivyokuwa vimesharekodiwa, nikaondoka.

Jina la uhusika ni mali, hilo nililijua kwa kuchelewa kama wasanii wenyewe. Wakubwa pia waliwahi kupita hapo: mwaka 2008 wale vijana wa Ze Comedy walipohama kituo, jina likaingia kwenye mgogoro, nao wakaanza upya wakijiita Orijino Komedi. Wao walikuwa na sura zilizojulikana nchi nzima, watazamaji wakawafuata. Shangazi angefuatwa na nani? Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na neno hilo la pili, hakishiriki, limewekwa kwa ajili ya watu kama yeye, wanaoigiza kazi. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimeshaacha kazi. Sidhani kama kati ya wale tisa kulikuwa na hata mmoja aliyewahi kulisikia.

King Majuto alipougua, mwaka 2018, habari za mikataba yake zilifika mbali kiasi kwamba Dk Harrison Mwakyembe, waziri aliyekuwa na dhamana ya sanaa, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Tarehe 8 Agosti mwaka huo Majuto akafariki Muhimbili, tukamzika nyumbani Tanga. Kabla yake, Mzee Ojwang alipopata shida ya macho Wakenya walimchangia fedha za matibabu. Alifariki Julai 2015. Michango ni upendo, sina neno baya juu yake, na mimi mwenyewe nimechanga mara nyingi. Lakini mtu aliyechekesha taifa kwa miaka thelathini nilitaka nimwone analipwa tu.

Mwaka juzi nilikwenda kumwona Shangazi, Mbagala. Anauza vitafunio asubuhi na anaendelea vizuri. Wanafunzi wanaopita bado wanamwita kwa jina lile la igizo, naye anaitika. Nilikuwa nimetunza ile sini kwenye diski, nikaihamishia kwenye simu, tukaitazama tumekaa kibarazani, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Nilitaka ajione. Nilisubiri mkono usimame, nikamtazama usoni nione atafanya nini.

Hakuutazama mkono wake. Aligusa kioo kwa kidole, upande wa kijana, ambaye kwenye picha ile amebaki bega tu na kipande cha shavu.

"Rudisha," akasema. "Msikilize huyu. Hapa. Umesikia? Alipaswa kusema 'kondakta akagoma.' Ameshaona nimesimamisha mkono, akavuta pumzi, akanisubiri. Mtoto mdogo vile, nani alimfundisha?"

Nikarudisha. Ilikuwepo, pumzi moja ndefu kabla ya neno kondakta. Nilikuwa nimeisikia sini ile labda mara mia mbili.